Nambari Iliyopita Langoni

Haya ninayosimulia ni kweli tupu, kutoka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa macho yangu yote mawili, pamoja na hili la kushoto ambalo daktari ameshalikatia tamaa. Tembo walioingia kijiji cha Jipe, kando ya ziwa, alfajiri ile walikuwa wanane, na jike aliyewatangulia alikuwa na masikio ambayo ungeezekea kanisa na bado ukabaki na kipande cha kuezekea jiko. Anayebisha na achukue futi yake aende akampime.

Inspekta Tryphena Wakesho hakubisha. Alikuwa mpelelezi wa polisi pale Voi kwa muda wa kutosha kujua kwamba tembo hawaandikishi taarifa, na binadamu wanaoandikisha hawasemi yote. Ijumaa hiyo asubuhi alishuka mbele ya ofisi ya shirika la Watu wa Tembo, nyuma ya soko, akamkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi la barazani, buibui limemkaa vizuri, kifurushi mapajani.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, bibi. Wewe ndiye uliyekuja kumchukua mwanangu?"

"Nimekuja kuuliza maswali. Mwanao ni nani?"

"Mansur. Mimi naitwa Mwanamvita. Nimemletea sweta na kikoi. Nimeambiwa huko kwenu sakafu ina baridi."

"Hajakamatwa, mama."

"Leo Ijumaa," Mwanamvita akasema taratibu, bila kuinua sauti. "Mtu akitiwa ndani Ijumaa hamwoni hakimu ila Jumatatu. Hata mimi niso skuli nayajua hayo. Kwa hivyo kama mna la kuuliza, ulizeni hima."

Tryphena akaingia ndani. Konstebo Ben alikuwa ametangulia, amesimama kando ya mlango na pingu kiunoni, akijitahidi kuonekana mkali na huku anamezea mate sahani ya mahamri iliyokuwa juu ya kabati. Kwenye kiti cha pembeni aliketi Mansur mwenyewe, kijana mwembamba, mikono ameibana katikati ya magoti. Nyuma ya meza kubwa alikuwepo Lynn, mkuu wa mitambo, ambaye macho yake yalionyesha hajalala sawasawa tangu juzi.

"Nieleze kama unamweleza mtu ambaye simu yake huitumia kupiga na kupokea tu," Tryphena akasema.

Lynn akaeleza. Watu wa Tembo walikuwa wamefukia vinasa mtikisiko kando ya mitaro ya mashamba. Tembo akikanyaga karibu, vinasa vinapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta inatuma ujumbe kwa simu ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti anapiga yowe, watu wanatoka na madebe na mienge, tembo wanarudi walikotoka. Alfajiri ya Jumatano, Jipe, vinasa vilifanya kazi. Kompyuta ilifanya kazi. Lakini hakuna aliyetoka. Tangi la maji liliangushwa, nyanya zikaliwa mpaka mizizi, na mlinzi Sylus akaruka kutoka juu ya dungu lake akavunjika mguu.

"Na hizo kompyuta ziko wapi?"

"Hatuna zetu. Tunakodi. Ziko mbali, kwenye wingu."

Tryphena akachungulia dirishani. Anga la Voi halikuwa na wingu la kutosha kuziba sikio.

"Kila tunapoongeza kijiji," Lynn akaendelea, "hatuanzi upya. Tuna kiolezo. Ni faili iliyoandikwa tayari, yenye nafasi za kujaza. Kijiji gani, mashine ya ukubwa gani, simu ya nani ipokee tahadhari. Ukijaza na kubonyeza, kompyuta za kukodi zinajipanga zenyewe."

"Kalibu ya matofali," Tryphena akasema. "Udongo ni wako, umbo ni la kalibu."

"Hasa. Na aliyejaza ya Jipe ni huyu hapa." Lynn hakumtazama Mansur. "Baada ya mkasa, mwalimu wa shule ya Jipe alituandikia. Nikapiga nambari ya mwenyekiti, Mzee Obadiah, nimpe pole. Akapokea mwanamke, akanitukana, akakata. Nikaijaribu ile nambari kama mtu anayetaka kuitumia pesa, jina likatokea. Mumbe. Si Obadiah."

"Endelea."

"Rekodi zinaonyesha Mansur aliingia kwenye kiolezo cha Jipe Jumanne, siku moja kabla ya tembo. Na wiki hiyohiyo alionekana akinywa kahawa na Kituku."

"Kituku ni nani?"

"Anauza nyua za umeme. Anazunguka vijijini akisema mitambo yetu ni ya kubahatisha. Jipe ikianguka, yeye ndiye anayepata soko." Lynn akapumua. "Kamati yetu inakaa saa kumi leo. Wakisaini malalamiko ya hujuma, mimi sina la kufanya. Ben ataondoka naye."

Tryphena akavuta kiti akaketi mbele ya Mansur, magoti kwa magoti.

"Ulikunywa kahawa na Kituku?"

"Nilikunywa, afande."

"Mkaongea nini?"

"Alitaka kuniajiri. Nikakataa."

"Kuna shahidi?"

"Muuza kahawa. Lakini yule ni kiziwi."

Ben akacheka, kisha akakohoa ili ionekane hakucheka.

"Jumanne uliingia kwenye kiolezo kufanya nini?"

"Kuongeza ukubwa wa mashine. Iliyokuwepo ilikuwa ndogo, ujumbe ukichelewa."

"Nambari ya simu hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Uliitoa wapi mwanzoni?"

"Kwa Mzee Obadiah mwenyewe. Imeandikwa kwa chaki juu ya mlango wake. Niliisoma, naye akaitamka, zikawa zilezile. Tukaenda shuleni, maana shule ina mtandao wa dishi, nikaijaza palepale yeye ameketi ubavuni mwangu. Nikatuma ujumbe wa majaribio. Simu yake ikalia. Nikamuuliza, 'Mzee, umeingia?' Akasema, 'Umeingia, mwanangu.'"

"Mbona hukumpigia tu ukasikia simu inaita?"

"Simu yangu kule haikushika. Ilikuwa imekufa kabisa."

"Mumbe ni nani wako?"

Kwa mara ya kwanza Mansur akainua uso. "Wallahi simjui. Mamangu yuko pale nje, afande. Ningekuwa na mwanamke Voi hii, yeye angejua kabla yangu."

Tryphena akasimama. "Lynn, nipe hicho kiolezo nikosee."

"Samahani?"

"Nataka kukijaza vibaya. Nione kitanifanya nini."

Lynn akafungua nakala ya mazoezi akamgeuzia laptopu. Tryphena akaandika kwa vidole viwili, kama anayechuna kuku. Mahali pa kijiji akaweka Mombasa. Pakageuka pekundu: chagua kijiji kilichomo katika orodha. Mahali pa ukubwa wa mashine akaandika "kubwa sana". Pekundu: ndogo, ya kati au kubwa, basi. Mahali pa simu akaanza nambari ya mpwa wake Shanice, akaacha tarakimu moja makusudi. Pekundu. Akaikamilisha. Pekundu tena.

"Hii ni nambari halali!"

"Inaanza na sifuri moja," Lynn akasema kwa haya kidogo. "Kiolezo kinataka ianze na sifuri saba. Hizo laini mpya tulizisahau. Tutarekebisha."

"Hata Shanice amekataliwa," Ben akanong'ona. "Na yule hakuna mlango huku Voi unaomkataa."

"Ben, huyo ni mtoto wa dada yangu."

"Ndiyo, afande. Nimesifu."

Tryphena akaandika sifuri saba, kisha tarakimu nane zilizomjia kichwani bila mpango. Kijani. Kiolezo kikamshukuru.

"Hiyo ni ya nani?" Lynn akauliza.

"Sijui. Na kiolezo chako pia hakijui. Bawabu wenu anaangalia kama mtu amevaa viatu. Haulizi viatu ni vya nani." Akairudisha laptopu. "Masharti haya aliyaweka nani?"

Lynn akasita. "Mansur. Zamani hayakuwepo. Ungeandika lolote, likapita. Yeye ndiye aliyesema ni hatari."

"Kwa hiyo mtu huyu alikuta nyumba haina mlango, akauweka, akautia makomeo, kisha akaiba kupitia mlangoni huku anaonekana?"

"Nilidhani huo ndio ujanja wenyewe."

"Nionyeshe nambari iliyojazwa siku ya kwanza, kabla ya Jumanne."

Lynn akatafuta. Akaiweka kando ya ile iliyopo. Wakasoma pamoja, tarakimu baada ya tarakimu, Ben akiwa anachungulia juu ya bega. Zilikuwa zilezile.

"Kituku alianza kuzunguka huku lini?"

"Baada ya hapo. Mwezi uliopita tu."

"Basi Kituku tumwache auze nyua zake. Nambari ilikosewa kabla yeye hajaijua hata njia ya kuja." Tryphena akachukua mkoba wake. "Anabaki Mumbe. Ulipompigia, nyuma yake ulisikia nini?"

"Kelele."

"Kelele za nini, Lynn? Funga macho."

Lynn akafunga. "Sahani. Mtu akidai muthokoi yake, yale mahindi ya kukobolewa, imechelewa. Na manamba akiita abiria. 'Voi, Voi, Voi.'"

"Manamba anayeita Voi hayuko Voi. Na panapopikwa muthokoi ya kugombaniwa kando ya stendi, njia hii ya Taveta, ni Mwatate." Akamgeukia Ben. "Kaa na kijana. Pingu zisitoke kiunoni mpaka nipige simu."

"Na saa kumi ikifika, afande, usipopiga?"

Tryphena alikuwa ameshafika mlangoni. Alipopita barazani, Mwanamvita alikuwa bado ameketi vilevile, kifurushi mapajani.

Hoteli ya Mumbe pale Mwatate ilikuwa imejaa vibarua wa mkonge waliokula kwa bidii ya watu wenye saa moja tu ya kupumzika. Mumbe alikuwa mwanamke mpana, mrefu, mwenye sauti ya kumfikia mteja akiwa bado barabarani. Tryphena alipotaja simu, mwiko ulisimama hewani.

"Ni Kasyoki amekutuma?"

"Kasyoki ni nani?"

"Aliyekuwa mume wangu! Mwambie nimechoka na meseji zake. Mwanaume mzima! Aliondoka hapa kwa miguu yake, sasa kazi yake ni kunitukana kwa simu."

"Naomba nizione hizo meseji, dada."

"Uzione? Wamezisoma hawa wote!" Akachomoa simu kwenye mfuko wa aproni akaisukuma usoni pa Tryphena. "Soma! Soma kwa sauti."

Tryphena akasoma kimoyomoyo. Zilikuwa tatu, za siku tofauti, ya mwisho ya Jumatano alfajiri. *Tahadhari. Tembo wanane. Wanakaribia kutoka mashariki. Tokeni na madebe.*

"Mimi na mwili wangu huu," Mumbe akasema. "Niambie wewe mwenyewe. 'Tembo anakaribia'! Na ya kwanza ilikuja nikiwa nimevaa gauni jipya, naenda kanisani. Nikajua kuna mtu amemwambia."

Kibarua mmoja akacheka ndani ya sahani yake. Mumbe akamgeukia. "Wewe cheka. Jioni utakula hiyo meza."

Tryphena akatoa picha tatu akazipanga kwenye kaunta: Mansur, Ben, na binamu yake mwenyewe anayeishi Wundanyi. "Kuna unayemjua hapa?"

Mumbe akainama. Akapita Mansur kama anayepita nguzo ya stima. Kidole kikamwangukia Ben. "Huyu. Hula hapa, anafuta sahani mpaka ua lililochorwa linatoka, akimaliza anasema chumvi ilizidi."

"Na huyu mwembamba?"

"Huyu? Angekuwa amewahi kula kwangu, asingekuwa hivyo."

Tryphena akazirudisha picha. "Dada Mumbe, si Kasyoki. Ni tembo kweli. Meseji hizo zilikuwa za watu wa Jipe, zikaja kwako. Juzi alfajiri mlinzi wao amevunjika mguu, kwa kuwa hakuna aliyeamshwa."

Hoteli ikapunguza kelele. Mumbe akaiangalia simu yake kana kwamba imemng'ata.

"Tembo tembo? Wa porini?"

"Wa porini."

"Na mimi nimekaa hapa nazisoma, nalaani mtu wa watu." Akaketi kwenye kreti la soda, ambalo lililia. "Huyo mlinzi ana nani wa kumpikia?"

"Sijui bado."

Mumbe akainuka bila neno, akafunga chapati kwenye karatasi, akajaza maharagwe kwenye mkebe wenye kifuniko. "Mpelekee. Usimwambie ni nani. Mwambie tu ni mtu aliyepata habari akachelewa."

Kuanzia Mwatate Tryphena aliendesha gari la kituo kama mtu anayedaiwa roho. Mumbe hamjui Mansur, na Mansur hamjui Mumbe; hilo sasa lilikuwa wazi. Lakini kamati ingesema nini? Ingesema kijana alibuni nambari yoyote, bora kazi iishe. Hilo nalo lingetosha kumlaza kwenye sakafu ya baridi. Alihitaji kujua nambari ya mlangoni imemfikiaje Mumbe.

Alipoiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea ziwani, simu yake ikatikisika. *Karibu Tanzania*, ikamwambia. Tryphena akaangalia nje. Upande huu kulikuwa na bendera ya Kenya juu ya shule. Tanzania ilikuwa ng'ambo ya maji, milimani kule. Akajaribu kumpigia Lynn amjulishe alipofika. Simu, baada ya kumkaribisha nchi ya watu, ilikataa kufanya kazi.

Mzee Obadiah alimpokea kwenye ua uliofagiwa, akamletea kiti, akamletea maji, akaulizia barabara, mvua na afya ya wakubwa wake wote kazini kabla hajakubali kuulizwa chochote. Sylus alikuwa kivulini, mguu ndani ya plasta, juu ya gunia la majani. Alipokea chapati akaanza kula kabla shukrani hazijaisha. Juu ya mlango, kwa chaki nyeupe, nambari ilikuwepo. Tryphena akailinganisha na karatasi aliyotoka nayo Voi. Tarakimu kumi, hakuna hata moja iliyopotoka.

"Mzee, hii ni nambari yako?"

"Ni yangu. Kila mtu hapa anaijua."

"Mansur alipotuma ujumbe wa majaribio, uliingia?"

"Uliingia."

"Ulisemaje?"

Obadiah akakuna kidevu. "Simu ililia."

"Ililia kwa ujumbe gani, Mzee?"

"Afande, simu hii hulia mchana kutwa. Mara bahati nasibu, mara vifurushi, mara wananipongeza kwa nisilolijua." Akashusha sauti. "Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Na kijana wa watu alikuwa ametoka mbali, jua lile, jasho linamtiririka. Ananiuliza kwa furaha, umeingia? Ningemwambiaje haujaingia? Mgeni umrudishe na aibu?"

Sylus akaacha kutafuna. Tryphena akaitazama saa yake. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita. Ng'ombe mmoja akalia mahali fulani.

"Mzee, niazime simu yako. Yangu haishiki."

"Hii inashika vizuri mno," Obadiah akasema, akafurahi kupata la kusaidia.

Tryphena akabonyeza nambari ya Lynn aliyoijua kwa kichwa. Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo, habari za mchana?" Sauti ya mwanaume, nzito, yenye adabu.

"Nipe Lynn upesi."

"Lynn? Samahani dada yangu, hapa hakuna Lynn. Hapa ni gereji, Dodoma."

"Dodoma?"

"Dodoma mjini. Utakuwa umekosea namba, usijali."

Akakata. Akaipiga upya, akiitazama kila tarakimu inavyoingia. Ikaita. Ikapokelewa.

"Dada," ikasema ile sauti kwa upole, "mimi bado niko Dodoma."

Tryphena akaiondoa simu sikioni taratibu. Akaitazama ile chaki juu ya mlango. Akalitazama ziwa, na milima iliyokuwa nyuma ya ziwa.

"Mzee, hii laini uliinunua wapi?"

"Ng'ambo pale. Sote hapa tunazo. Minara ya Kenya haitufikii, afande. Ya wenzetu inatufikia mpaka kitandani."

"Na mkipigiana nyinyi kwa nyinyi?"

"Sifuri saba, tunaongea. Kwani kuna nini?" Akaushika ukuta. "Mimi ni Mkenya! Kura napiga pale shuleni!"

"Wewe ni Mkenya, Mzee. Laini yako ndiyo Mtanzania."

Akapiga kwa mara ya tatu, safari hii akiitanguliza nambari kwa msimbo wa Kenya. Iliita mpaka ikakaribia kukata.

"Nani huyu anapiga kutoka Tanzania?" Lynn akauliza, sauti kali ya mtu anayetarajia tapeli.

"Ni Tryphena. Niko Jipe, upande wa Kenya, nimeshika simu ya Obadiah. Soma nambari iliyo kwenye kioo chako, kisha soma iliyo kwenye kiolezo."

Nyuma ya Lynn, Tryphena alisikia viti vikiburutwa na wazee wa kamati wakisalimiana.

"Mwisho ni zilezile," Lynn akasema polepole. "Mwanzo ndio tofauti."

"Huko wanaanza sifuri saba, na huku tunaanza sifuri saba. Kumi kwa kumi. Kiolezo kiliona umbo, kikapitisha. Hakikuuliza nchi. Ujumbe ukaondoka Voi ukaenda kwa mwenye tarakimu hizohizo hapa Kenya, mama wa watu anayepika Mwatate. Mansur aliandika alichokiona mlangoni. Na alipouliza kama umeingia, aliheshimiwa akadanganywa."

Nyuma yake Obadiah alikuwa ameketi chini, si kwenye kiti. "Basi ni mimi niliyemvunja Sylus mguu," akasema.

"Mguu nimeuvunja mwenyewe, Mzee," Sylus akasema, mdomo umejaa. "Niliruka. Hukunisukuma."

"Lynn," Tryphena akasema kwenye simu, "mwambie Ben aondoe mkono kiunoni."

Lynn, aliposikia hayo, alipiga magoti sakafuni mbele ya kamati nzima. Alimshika Mansur miguu akalia mpaka machozi yakaingia kwenye laptopu ikazimika. Ben akavua kofia akaiweka kifuani. Na garimoshi la mizigo lililokuwa likipita Voi saa hiyohiyo lilipiga honi tatu ndefu za heshima, dereva asijue ni kwa nini, ila moyo umemtuma.

"Babu."

Hapa nikalazimika kunyamaza, maana aliyesema ni Mansur, na sikuwa nimemwona akija. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi la kahawa nilipokuwa nikiwasimulia wenzangu, mikono mfukoni, tangu sijui sentensi ya ngapi.

"Garimoshi halikupiga honi," akasema.

"Labda hukusikia. Ulikuwa na mawazo."

"Na bosi hakupiga magoti."

"Alikaribia."

"Babu."

Wenzangu wakaweka vikombe chini, mmoja baada ya mwingine. Wanaijua sauti ya mtu aliyenaswa, na walikuwa wameingoja tangu yale masikio ya tembo.

"Haya, tuambie wewe uliyekuwepo," nikasema. "Alifanya nini?"

Mansur akafikiri. "Aliweka simu chini, akawaambia wazee wa kamati wangoje nje. Akainuka kwenye kiti chake, kile cha nyuma ya meza, akakisukuma kwangu. Akasema, 'Kaa. Kiolezo ni chako, kirekebishe.' Nikawa nakosea kuandika. Basi akasimama nyuma yangu akawa ananisomea herufi. Tukatia sharti kwamba nambari lazima ianze na msimbo wa nchi, na haikubaliwi mpaka mwenye simu asome tarakimu alizotumiwa. Mzee Obadiah akavaa miwani akazisoma kutoka Jipe, moja moja. Tulikuwa tumeiweka simu kwenye spika. Alipofika ya mwisho akauliza, 'Na sasa, mwanangu, umeingia?' Bosi ndiye aliyemjibu."

"Na hakukuomba radhi?"

"Si nimekwambia, Babu? Alinipa kiti."

Nilitafuta cha kuongeza hapo. Nilitafuta kweli, na mimi si mtu wa kukosa. Sikukipata. Nikalipa kahawa ya benchi zima bila ubishi, na kikombe cha Mansur nikakibeba mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, nikampelekea pale aliposimama.